Picha, Kibao na Mwisho: Nani Aliyemwamulia Mwanamke katika Filamu Bubu?

Eva Meyer analipwa dola 5 kwa wiki. Kutwa nzima anasimama nyuma ya kaunta ya duka la vitu vya senti tano na senti kumi, na wiki ikiisha mshahara unaingia mkononi mwa mama yake. Baba yupo, mzima wa mwili, ila hana kazi, na siku zinamwishia kitandani akisoma riwaya za bei rahisi. Wadogo zake Eva watatu wanakula kutokana na dola hizohizo. Soli za viatu vyake zimetoboka. Anachukua mkasi, anakata kipande cha boksi kwa kipimo cha unyayo na kukichomeka ndani ya kiatu. Mvua inanyesha, boksi linalowa na kuvurugika, Eva anarudi nyumbani akiwa na mafua na miguu inayouma. Filamu inapofika mwisho anavyo viatu vipya, na mtazamaji anajua vimepatikanaje.

Hiyo ni Shoes, yaani "Viatu", iliyoongozwa na Lois Weber na kutolewa na kampuni ya Universal mwaka 1916. Tumeianza hii kwa sababu inakataa kuingia katika masanduku mawili ambamo watu wengi huwatia wanawake wa filamu bubu: msichana aliyefungwa relini akingoja kuokolewa, na mrembo mkatili anayewafilisi wanaume, wa aina ya Theda Bara katika A Fool There Was (1915). Huyo wa relini, kwa kweli, alikuwa mzaha zaidi kuliko tamthilia. Walioutia umaarufu ni wachekeshaji wa kampuni ya Keystone katika Barney Oldfield's Race for a Life (1913), wakizidhihaki tamthilia za jukwaani zilizokuwa zimeshapitwa na wakati. Huyo mrembo mkatili aliwahi kuwa biashara kubwa kweli, ila kwa miaka michache tu.

Kati ya masanduku hayo mawili ndiko kulikokuwa na filamu nyingi, kuanzia mwaka 1910 hivi hadi mwisho wa miaka ya 1920, na kwa China na Japani hadi katikati ya miaka ya 1930. Nyingi zinauliza jambo moja: mwanamke huyu, kwa pesa aliyonayo na mlango uliobaki wazi, anaweza kuamua nini?

Kuuliza kama filamu hizo ziliwatetea wanawake au ziliwaonea hakutufikishi mbali, kwa kuwa filamu bubu moja ilipita katika mikono mitatu. Mkono wa kwanza ni picha: mwigizaji, mwongozaji na mpiga kamera. Wa pili ni kibao cha maandishi kilichokatisha picha ili kueleza au kutoa maneno ya mhusika. Wa tatu ni ule ulioamua mwisho, na huo mara nyingi haukuwa wa mwongozaji peke yake: kulikuwa na bodi za ukaguzi, wenye kampuni, na wenye kumbi. Mikono hiyo haikupatana sana. Anayechanganya alichofanya mmoja na alichofanya mwingine ndiye anayetoka akisema filamu inamhukumu mwanamke, wakati picha dakika hamsini nzima ilikuwa ikimwelewa.

Mkono wa kwanza: picha

Bila sauti, uamuzi wa mhusika ulipaswa kuonekana. Waongozaji wazuri waliuweka kwenye vitu na viganja, sio kwenye nyuso zinazolia.

Mfano bora ninaoufahamu ni La Souriante Madame Beudet, filamu ya dakika 40 hivi ambayo Germaine Dulac aliitengeneza Ufaransa mwaka 1923, kutokana na mchezo wa jukwaani wa Denys Amiel na André Obey. Bibi Beudet anaishi mkoani na mume ambaye ni mfanyabiashara wa vitambaa. Mezani kuna chombo cha maua. Mume akipita anakisogeza katikati kabisa ya meza, apendavyo yeye. Mke akipita anakisogeza pembeni. Hakuna anayesema lolote, na chombo kinaendelea kuhama. Kwa chombo hicho tu unazijua habari za miaka yote ya ndoa hiyo. Kisha mume anataka waende kutazama opera, mke anakataa, na mume anaufunga piano wake kwa ufunguo na kuondoka nao. Huo ndio uonevu ambao hakuna mahakama ingeusikiliza: hakumpiga, hakumfukuza, amefunga piano.

Mume ana mzaha wake: kila akikasirika anatoa bastola isiyo na risasi na kujielekezea kichwani. Akiwa hayupo, mke anaitia risasi. Asubuhi anajuta na anataka kuitoa, lakini hapati nafasi ya kuifikia. Safari hii mume, kwa hasira ya bili, anamwelekezea mke badala ya kujielekezea mwenyewe. Risasi inamkosa. Mume anashtuka, anaamini mke alikuwa amejiandalia kujiua, anamkumbatia na kumwuliza angeishije bila yeye. Mke ameduwaa mikononi mwa mumewe, na mume hatajua kamwe risasi ilikuwa ya nani.

Tazama mwanamke huyo alivyobaki na machaguo: kusogeza chombo, kukataa opera, kuota ndoto za mchana (Dulac anatumia picha zilizopachikwa juu ya nyingine, mwendo wa polepole na lenzi inayopinda sura ya mume), na kutia risasi. Hakuna daraja la kati. Hakuna hata onyesho moja la kwenda kwa wakili.

Carl Theodor Dreyer wa Denmark aliufuata mkondo huohuo kwa utulivu zaidi. Katika Du skal ære din hustru ya 1925, kichwa kinachoagiza kumheshimu mkeo, alitaka kupiga picha ndani ya nyumba halisi ya watu wa kawaida. Ikashindikana, akajenga studio nyumba nzima yenye maji, gesi na umeme vinavyofanya kazi. Sababu yake ilikuwa ya kiufundi kabisa: filamu inahusu kazi za nyumbani, na kazi za nyumbani zikiigizwa na sufuria tupu mbele ya jiko la mbao huonekana ni mchezo. Ida anaamka kabla ya wote, anawasha, anapika, anavisha, na siagi ikiwa haitoshi anaikwangua kwenye mkate wake na kuipaka kwenye wa mumewe. Mume analalamika. Yaya mzee aliyemlea mume huyo utotoni anamtorosha Ida akapumzike kwa mama yake, kisha anamsukuma yule bwana katika kazi zote zile, moja baada ya nyingine. Mafunzo yanatolewa kwa nguo za kufua, hakuna mahubiri.

Kuna jambo la mkanda wenyewe ambalo watazamaji wengi hawalijui, nalo lina uzito. Hadi katikati ya miaka ya 1920 mkanda uliotumiwa sana haukuiona rangi nyekundu. Mdomo mwekundu ulitokea mweusi, mashavu yenye damu yalitokea kama yana masizi, na macho ya bluu yalififia hadi mboni karibu zipotee. Ndiyo maana waigizaji walipakwa poda nzito. Msichana "safi" wa filamu za mwongozaji wa Marekani D. W. Griffith, hasa mwigizaji Lillian Gish, alitengenezwa kwa poda nyeupe, taa ya nyuma iliyozichoma nywele zake mwanga, na lenzi laini ya mpiga picha Hendrik Sartov. Usafi wa tabia ukageuzwa kuwa weupe wa ngozi na wingi wa taa. Nani aliyepewa taa hizo, na nani aliachwa kwenye kivuli akibeba sinia, ni swali la siasa lililojificha ndani ya ufundi.

Mkono wa pili: kibao

Vibao vilikuwa vya aina mbili. Kimoja kinatoa maneno ya mhusika, kingine kinaeleza mahali, wakati, au kinatoa maoni. Hicho cha maoni ndicho cha kukiangalia kwa jicho kali, maana aliyekiandika mara nyingi hakuwepo wakati wa kupiga picha. Hollywood ilikuwa na waandishi wa miswada na vibao, na wengi wa walioongoza kazi hiyo walikuwa wanawake: Frances Marion, Anita Loos, June Mathis, Jeanie Macpherson. Wasije wakachukuliwa kuwa watetezi kwa sababu hiyo tu. Walikuwa wataalamu wanaolipwa, na kibao kilichohitajika kilikuwa kile kitakachomridhisha mchungaji wa mji mdogo bila kumfukuza mnunuzi wa tiketi.

Way Down East ya Griffith (1920) inafunguka kwa vibao vinavyohubiri juu ya ndoa ya mume mmoja na mke mmoja. Ukiviamini, utaingia ukitarajia somo la adabu. Kinachofuata kwenye picha ni kitu kingine. Anna Moore (Gish), msichana maskini wa shamba, anafungishwa ndoa ya uongo na tajiri Lennox Sanderson: mfungishaji ni wa kughushi, cheti ni cha kughushi. Anapata mimba, anaachwa, na mtoto anakufa katika chumba cha kupanga. Kwa hofu kwamba mtoto atakufa bila kubatizwa, Anna anambatiza mwenyewe. Mwenye nyumba anamfukuza. Anapata kazi kwenye familia ya wakulima, siri inafichuka, na mkuu wa familia anamwonyesha mlango usiku wa theluji. Anna hatoki kimya. Sanderson ameketi mezani kama mgeni wa heshima, naye Anna anamnyooshea kidole mbele ya wote na kueleza alichomfanyia. Ndipo anatoka.

Watu wanakumbuka barafu: Gish amelala juu ya pande linaloelea kuelekea maporomoko, nywele na mkono vikiburuzwa majini. Sehemu hiyo ilipigwa mtoni huko White River Junction, Vermont, na wazo la kuuacha mkono majini lilikuwa la Gish mwenyewe. Lakini kitovu cha filamu ni pale mezani. Onyesho lenye maneno mazito kuliko yote limewekwa ndani ya filamu isiyo na sauti, na linasimama kwa kidole na macho.

Kibao kilikuwa pia kitu chepesi kubadilisha, na hapo ndipo mambo huharibika. Filamu ikivuka mpaka, vibao vilikatwa na kupachikwa vya lugha nyingine. Mfasiri aliweza kumfanya mpenzi kuwa kaka, mimba kuwa ugonjwa, na hawara kuwa mchumba, bila kugusa picha hata moja. Watazamaji waliozoea filamu za nje zilizosimuliwa kwa Kiswahili na kina Lufufu watalielewa jambo hili upesi: anayeshika maneno anaweza kuipindua hadithi nzima. Japani walikuwa na msimuliaji wa moja kwa moja ukumbini, aitwaye benshi, na kwa kuwa wengi wao walikuwa wanaume, maneno ya mwanamke kwenye pazia yalitoka kinywani mwa mwanamume aliyeketi kando. Taki no Shiraito ya Kenji Mizoguchi (1933) ilitazamwa hivyo: mwanamke anayeigiza michezo ya maji kwenye maonyesho anamsomesha kijana sheria kwa mapato yake, na kijana huyohuyo baadaye anakuja kuwa mwendesha mashtaka katika kesi yake ya mauaji. Iliyoitengeneza ni kampuni ya mwigizaji mkuu mwenyewe, Takako Irie.

Shoes iliwahi kufanyiwa kituko kibaya zaidi. Mwaka 1932 Universal iliichukua, ikaikata hadi dakika kumi hivi, ikaweka sauti ya msimuliaji anayemkejeli Eva, na kuitoa kama kichekesho kwa jina la The Unshod Maiden. Boksi lilelile, mvua ileile, sasa watu wanacheka. Cha ajabu ni kwamba kichekesho hicho kilikuja kusaidia: jumba la hifadhi ya filamu la EYE la Amsterdam lilipoitengeneza upya Shoes, lilitumia nakala mbili za zamani pamoja na picha zilizosalia ndani ya kituko hicho.

Mkono wa tatu: mwisho

Mwezi Februari 1915 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, katika kesi ya kampuni ya Mutual dhidi ya tume ya jimbo la Ohio, kwamba filamu ni biashara kama biashara nyingine na hailindwi na uhuru wa maoni. Uamuzi huo ulidumu hadi 1952. Maana yake ni kwamba jimbo lolote, hata mji, uliweza kuwa na bodi yake na mkasi wake. Kampuni iliyotaka kuuza filamu nchi nzima ilipaswa kuwaridhisha wakaguzi wengi kwa mpigo, na njia rahisi ilikuwa kuutengeneza mwisho mapema.

Ndivyo ulivyozaliwa utaratibu wa malipo. Mwanamke aliyelala na mwanamume nje ya ndoa alikuwa na njia nne za kutokea: kufa, kwenda jela, kupata wazimu, au kuolewa na mwanamume mwingine anayejua na kusamehe. Anna wa Way Down East analipa kwa mtoto na kwa barafu, kisha anaolewa. Letty katika The Wind ya Victor Sjöström (1928), iliyoandikwa na Frances Marion, anamuua mwanamume aliyemwingilia, anamzika mchangani, na upepo unamfukua. Katika riwaya ya Dorothy Scarborough iliyotumiwa, Letty anatoka kwenda kufa ndani ya upepo. Filamu ilivyotolewa, anabaki na mume wake mlangoni, hofu imemwisha. Ukitazama dakika chache za mwisho utahisi mshono: dhoruba iliyopulizwa kwa propela za ndege filamu nzima, ghafla imekuwa rafiki.

Sasa rudi kwa Weber uone alichokwepa. Eva hafi, haolewi, hafungwi. Anarudi nyumbani asubuhi na viatu vipya, anamlilia mama yake, na mama haulizi mengi. Kisha baba anaingia na habari njema: amepata kazi. Amechelewa kwa usiku mmoja. Weber aliitoa hadithi kwenye kisa kifupi cha Stella Wynne Herron, ambacho nacho kiliegemea kitabu cha Jane Addams cha 1912 kuhusu biashara ya miili ya wasichana, penye msichana ambaye viatu vyake havikuweza tena kutiwa soli na akiba yake ilikuwa senti 90. Hesabu ndiyo hoja. Dola 5, watu sita, viatu jozi moja. Ukiisha kuiona hesabu hiyo, neno "anguko" linakosa pa kusimama.

Mwaka huohuo Weber alitoa Where Are My Children?, na hapa wanaompenda hupata taabu. Filamu inatetea elimu ya kuzuia mimba kwa maskini, huku ikiwalaani wake wa matajiri wanaotoa mimba ili wasiharibu starehe zao. Mhusika mkuu ni mwendesha mashtaka anayetamani watoto, asijue mkewe amekuwa akizitoa mimba kwa siri kwa daktari. Binti wa mfanyakazi wao wa nyumbani anafariki baada ya kutolewa mimba na daktari huyohuyo. Filamu imejaa fikra za wakati ule kwamba baadhi ya watu wanastahili kuzaa na wengine hapana. Bodi ya Pennsylvania iliipiga marufuku. Mwaka uliofuata Weber aliigiza mwenyewe katika filamu nyingine ya suala hilohilo, The Hand That Rocks the Cradle, iliyozuiwa New York na leo haipo tena. Kumwita Weber mtetezi wa wanawake bila maelezo ni uvivu. Alimtetea mwanamke aliyebanwa na njaa, akamhukumu mwanamke aliyebanwa na mimba asiyoitaka ikiwa ana mali.

Wakati mwingine aliyelipa hakuwa mhusika wa kubuni. The Red Kimona ya 1925, iliyotayarishwa na Dorothy Davenport, ilisimulia maisha ya mwanamke aliyewahi kuuza mwili, akashtakiwa kwa kuua na kuachiwa huru mwaka 1918. Ilitumia jina lake halisi, bila idhini. Yeye alikuwa ameshaolewa na majirani hawakujua lolote. Alishtaki, na mwaka 1931 mahakama ya rufaa ya California ilimpa haki, katika uamuzi unaotajwa hadi leo katika sheria za faragha. Kichekesho kichungu ni kwamba filamu yenyewe inaiomba jamii iwape wanawake hao nafasi ya kuanza upya.

Nje ya Hollywood

Penye wakaguzi wengine na soko lingine, mwisho nao ulibadilika.

Sweden ilikuwa na Ingeborg Holm ya Sjöström tangu 1913. Mume wa Ingeborg anafariki muda mfupi baada ya kufungua duka, duka linafilisika, mjane anaugua na kupelekwa nyumba ya maskini. Sheria inawagawa watoto wake kwa familia za kulea. Mchezo wa asili uliandikwa na Nils Krok, aliyeujua mfumo huo kwa karibu huko Helsingborg. Kamera imesimama mahali pamoja, na watoto wanaondoka ndani ya picha moja ndefu isiyokatwa. Mtoto mmoja anageuka na kurudi, mama anajificha asimwone. Baadaye anatoroka usiku kwenda kumwona binti yake mgonjwa, na mtoto wake mdogo akiletwa mbele yake hamtambui tena. Akili inamtoka. Ndiyo, ni njia ya wazimu, lakini hapa wazimu unatoka kwenye ofisi, kwenye fomu na sahihi, wala hautoki kwenye kosa la mwanamke. Filamu ilizua mjadala mkali magazetini, na sheria ya misaada kwa maskini ilifanyiwa mageuzi mwaka 1918.

Moscow, mwaka 1927, Abram Room aliongoza Tretya Meshchanskaya, mswada akiuandika pamoja na Viktor Shklovsky. Jiji halina nyumba. Mume anamleta rafiki yake alale kwenye sofa ya chumba chao kimoja. Mume akisafiri, rafiki anahamia kitandani. Mume akirudi, anaangukia sofa. Wanaume hao wanacheza dama na kuzoeana upesi kuliko mke anavyoweza kuvumilia, na yule mpenzi mpya, aliyekuwa mpole, akishakuwa mwenye kitanda anageuka mume wa kawaida kabisa. Mke anashika mimba isiyojulikana ya nani. Wote wawili wanaamua aitoe. Wakati ule kutoa mimba kulikuwa halali huko, tangu 1920, hivyo sheria haimzuii. Wanaomsukuma ni wanaume wawili. Akiwa kliniki akingoja zamu, anachungulia dirishani, anaona mtoto chini, na anaondoka. Nyumbani anafungasha, anaitoa picha yake kwenye fremu na kuiacha fremu tupu, kisha anapanda treni. Hafi, haolewi. Wapo wanaoiona filamu hii kama kampeni ya kuzaa. Kwangu, uzito uko kwenye fremu na treni: ni mara chache sana katika enzi hiyo mwanamke mjamzito anaondoka peke yake na kamera haimfuatishi adhabu.

Shanghai ilibaki na filamu bubu hadi katikati ya miaka ya 1930, kwa sababu vifaa vya sauti vilikuwa ghali na lugha za China ni nyingi. Shennü ya Wu Yonggang (1934) inamhusu mama asiyetajwa jina, aliyeigizwa na Ruan Lingyu, anayeuza mwili usiku ili mwanawe asome. Kamera inaonyesha magauni mawili ukutani, miguu kwenye lami, taa za barabarani, na inaishia hapo. Akikimbia polisi anaingia chumba cha mcheza kamari, ambaye tangu siku hiyo anajifanya mmiliki wake. Kuna picha moja iliyopigwa kupitia katikati ya miguu ya mtu huyo, mama na mtoto wakionekana wadogo nyuma yake. Pesa ya ada anaificha kwenye tundu la ukuta. Wazazi wengine wanalalamika shuleni, mwalimu mkuu anamtetea, anashindwa na kujiuzulu. Mcheza kamari anaiiba pesa, mama anamuua kwa chupa na kufungwa miaka 12. Ombi lake kwa mwalimu mkuu ni kwamba mtoto aambiwe mama amekufa. Jela ipo, malipo yapo, lakini hukumu ya picha imemwangukia kila mtu isipokuwa yeye. Mwaka uliofuata Ruan aliigiza katika Xin nüxing mwanamke mwandishi aliyeangamizwa na uzushi wa magazeti. Tarehe 8 Machi 1935, akiwa na miaka 24 na akiandamwa na magazeti yaleyale, alijiua.

Unapoketi kutazama

Kwanza mwendo. Kamera za mwanzo zilizungushwa kwa mkono, picha 16 hadi 20 kwa sekunde, wakati mwingine zaidi. Mkanda wa mita 300 ukipitishwa kwa picha 16 unachukua dakika 16 na zaidi. Kwa picha 24, dakika 11. Nakala mbovu za mtandaoni hupitishwa kwa 24 bila kujali, na Eva anayetembea kwa maumivu anageuka mwanasesere anayerukaruka. Ukiona watu wanatembea kwa mruko, punguza mwendo hadi robo tatu kwenye kicheza video chako.

Rangi nayo. Filamu nyingi zilichovywa rangi: bluu kwa usiku, kahawia ya dhahabu kwa ndani ya nyumba. Nakala ikipoteza rangi, usiku unaonekana mchana, na mwanamke anayetoroka gizani anaonekana mpumbavu anayetoroka kweupe.

Muziki unaousikia karibu kila mara umeongezwa baadaye. Kwenye onyesho la uamuzi, zima sauti, litazame mara moja, kisha iwashe. Vinanda vya huzuni vina tabia ya kumwomba mtazamaji huruma pale ambapo mwigizaji alikuwa anaonyesha hasira.

Vibao vihoji zaidi ya vyote. Within Our Gates ya Oscar Micheaux (1920) inamhusu Sylvia Landry, mwalimu Mweusi anayekwenda kaskazini kutafuta dola 5,000 za kuiokoa shule ya watoto wa kusini, na inaonyesha bila kufumba macho familia yake ikiuawa na umati wa wazungu, na mzungu akitaka kumbaka. Ilipotea kwa miongo. Nakala iliyopatikana ilikuwa Hispania, ikiitwa La Negra, na vibao vinne tu vya Kiingereza vya asili vilikuwa vimesalia. Vingine vyote vilirudishwa kutoka Kihispania, na Maktaba ya Bunge la Marekani ikaitoa mwaka 1993. Picha za Evelyn Preer, aliyemwigiza Sylvia, ni zake. Maneno mengi anayoyasema ni makisio ya watu waliofanya kazi kwa uangalifu.

Utafiti wa maktaba hiyohiyo uliotolewa 2013 ulihesabu filamu ndefu bubu 10,919 za Marekani kati ya 1912 na 1929, na kukuta asilimia 14 tu zimesalia katika hali yake ya asili. Kwa hiyo mtu akikuambia "filamu bubu ziliwaonyesha wanawake hivi", mwulize anazungumzia nakala ipi, ya dakika ngapi, iliyotengenezwa upya na nani. Kwa kuanza, chukua Madame Beudet, ambayo inaisha kabla chai haijapoa, halafu Shoes katika toleo la EYE. Ya Dulac ina kibao cha mwisho kinachosema wawili hao wameunganishwa na mazoea, juu ya picha ya mume na mke wakitembea barabarani. Ikiwa nakala yako inaishia kwenye kumbatio, imekatwa, tafuta nyingine.